Bukini Ng'ambo ya Kijito

Burbank, California
9 Februari 1947

Dada yangu Verdie,

Kaa kwanza. Kama umesimama, tafuta kiti. Anayeandika ni Oleta, mke wa mwanangu Dwight, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike kila neno asinipunguzie, maana Krismasi alinipunguzia, barua ikatoka fupi kama ya mtu anayekimbilia basi.

Haya, sikia. Mdogo wako yumo kwenye sinema.

Usicheke. Si unajua Oleta anafanya kazi kwenye kampuni ya katuni? Wanaume wanachora kwa penseli, wanawake wanapaka rangi kwenye vipande vya plastiki vinavyoonyesha upande wa pili, glovu nyeupe mkononi wasiache alama za vidole. Sasa hivi ni mkia wa mbweha. Kutwa kucha mkia wa mbweha, mwekundu wa machungwa, mpaka akirudi nyumbani hawezi hata kutazama karoti. Juzi nilimpikia maharage na kongoro la nguruwe, nikatia karoti mbili tu, akatoka nje akasimama kwenye veranda. Mimi nikadhani ana mimba. Nikaanza na kufuma soksi. Kumbe karoti.

Ehe. Katuni yenyewe ni ya mbweha na bata bukini. Mbweha anataka kumla, bukini hataki kuliwa, ndiyo hadithi yote hiyo. Kila mbweha akija anaondoka na chake: beseni kichwani, mlango puani, mkia umeshika moto. Walikuwa wamekwama kwenye sauti ya bukini. Kila anayejaribu anatoa sauti ya bata wa kawaida. Huyu mkwe wangu, ambaye nyumbani hasemi mpaka umkanyage, akafungua kinywa: "Mama mkwe wangu akiita bukini, bukini wanakuja."

Wakaniletea gari, dada! Nikavaa gauni langu la buluu ambalo nimelitunza kwa ajili ya kuzikiwa. Wakanisimamisha mbele ya kipaza sauti, nikawapa bukini wote ninaowajua: bukini mwenye hasira, bukini mwenye kiburi, bukini aliyekuta yai si lake. Watu wazima wenye tai wanajishika mbavu. Halafu yule mkubwa wa picha hiyo, bwana mmoja mrefu anaitwa Fenwick, akaniuliza, "Na akiwa anakwenda kulala je, mama?"

Nikampa ule mwito wa jioni, Verdie. Ule wetu wa kijitoni, wa kuwarudisha nyumbani giza likiingia, wewe ukingo huu, mimi ukingo ule. Hakuna aliyecheka. Bwana Fenwick alivua miwani akaifuta.

Wanasema mpaka vuli ndiyo itakuwa tayari, maana wanachora picha moja moja, utadhani wanachambua maharage. Ikija hapo Tolbert, nenda ukanisikilize. Macho yako yamekwenda, najua, lakini masikio yapo. Miaka kumi na moja hujasikia sauti yangu. Mimi nyonga hii hainifikishi stesheni, wewe gizani treni utapandaje, na simu ya dukani kwa Sparks unasema inavuta radi. Njia iliyobaki ndiyo hii. Mungu kaifungua kwa mkono wa mbweha, sisi ni nani tukatae?

Mdogo wako,
Zella


Tolbert, Oklahoma
27 Februari 1947

Dada mpendwa katika Bwana,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema na ukidumu katika imani. Sisi hapa tunaendelea vizuri kwa neema yake.

Hayo ni maneno ya Dada Birdwell, mke wa mchungaji wetu. Ndiye anayeniandikia siku hizi, ndiye anayenisomea, ndiye anayenishika mkono kwenda kanisani, na sufuria ya chakula changu inatoka jikoni kwake. Mungu ambariki. Sasa naanza yangu.

Zella, wewe ni mwongo tangu unanyonya. Bukini uliwaita wewe lini? Mimi ndiye niliyekuwa naita, ukingo wa huku, wa nyumbani. Wewe ulikaa ng'ambo na kuitikia tu ili wajue pa kutokea. Kazi yako wewe ilikuwa nguruwe. Ungewapa hao mabwana sauti ya nguruwe, hapo ningeamini mara moja.

(Dada Birdwell anasema hili halifai kuandikiwa dada. Nimemwambia aandike. Hakujui wewe.)

Kuhusu kwenda huko unakosema. Umesahau kanisa letu. Watu wetu hawaendi kutazama picha. Binti yake Rufus Cagle aliingia mara moja tu, jina lake likasomwa kanisani mbele ya watu wote kama mwenye dhambi, na mpaka leo mama yake anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, baridi yote inamwishia yeye. Mimi nikisomwa jina, Zella, nani atanishika mkono? Mchungaji Birdwell anasema jumba la sinema ni mlango wa kuzimu. Mimi nalipita kila Jumatano nikienda maombi, na kinachotoka mlangoni ni harufu ya bisi.

Dada Birdwell ameweka kalamu chini. Naishia hapo.

Mkubwa wako,
Verdie Loftis


Burbank
14 Machi 1947

Verdie,

Leo sikusalimu. Oleta, andika: hasalimiwi.

Ni mwongo mimi? Nani alikaa ng'ambo na miguu ndani ya maji mwezi wa kumi na moja, meno yakigongana, huku wewe, Bibi Mkubwa, umeketi juu ya ndoo ukingo wa nyumbani umejifunika shali ya mama? Sawa, ulikuwa unaita. Lakini bila mimi kuitikia, bukini wako wangelala Arkansas.

Nimeisoma barua yako mara tatu, yaani Oleta amenisomea, na mara ya tatu nikasikia usichokisema. Unaogopa, na si kuzimu unakokuogopa. Unaogopa kukaa peke yako chumbani bila mtu wa kugonga mlango. Sikulaumu. Mimi nina Dwight na Oleta, na jirani Mmeksiko anayeniletea pilipili zisizolika. Wewe una sufuria ya mke wa mchungaji.

Lakini wewe ndiye uliyetembea maili tano na jino bovu ukaling'olesha kwa fundi viatu kwa sababu daktari alikutania. Nami ni mtoto wa mama yule yule. Nimeshasema utanisikia, basi utanisikia, hata kama itabidi huyo mbweha aje kukubeba mgongoni. Na Dada Birdwell, nakusalimu, unasoma vizuri, usiruke hapa.

Zella


Burbank
19 Mei 1947

Kwa Bwana Kessler, Mkuu wa Kampuni

Bwana,

Mimi ni Zella Pruitt, bukini wako. Anayeandika ni mkwe wangu, anafanya kazi kwako, na anaandika huku anahofia kazi yake, kwa hiyo kama kuna mtu wa kufukuzwa, nifukuze mimi, ambaye hujaniajiri.

Nimesikia umeondoa sauti yangu ukaweka ya bwana mmoja wa kwenye redio anayejulikana nchi nzima. Nimemsikia. Anachekesha. Nilicheka mwenyewe sebuleni na marehemu mume wangu yumo pichani ukutani ananitazama. Sisemi hajui kazi.

Ninachosema ni kwamba nina dada huko Oklahoma, haoni tena, na hajanisikia tangu upepo ule wa vumbi ulipoua mashamba ukatung'oa sisi kuja huku, yeye akabaki. Nimemwambia nimo humo. Ana umri wa miaka sabini na sita. Sina dada mwingine wa kumtolea ahadi mpya.

Mlinzi wako wa getini alinikatalia mara mbili, kwa adabu. Kesho nakuja na kiti changu. Nina ufumaji wa kutosha, nina soksi za mtoto ambaye hatazaliwa. Nitakaa mpaka utoke, na nimeambiwa huna mlango mwingine.

Zella Pruitt


Kampuni ya Katuni, Burbank
6 Juni 1947

Bi Pruitt mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu wiki yote hii kila nikitoka na gari unaniambia "Umekonda, bwana" mbele ya madereva wangu.

Kwa sehemu kubwa ya picha siwezi kukubadilishia uamuzi. Majumba ya sinema yameikubali kwa jina la yule bwana wa redio. Lakini Bwana Fenwick amenikumbusha jambo la kikazi. Sisi huchora mdomo wa mnyama kufuata sauti iliyokwisha kurekodiwa, pumzi kwa pumzi. Naye, kwa tabia yake, huanza na mwisho, ili ajue mbweha ataangukia wapi. Kwa hiyo ile sehemu ambapo mbweha amelala hoi kizingitini na bukini anazima taa, imeshachorwa juu ya sauti yako na imeshapakwa rangi. Yule bwana alijaribu kuingiza sauti yake humo, mdomo ukawa unafunguka asipozungumza.

Sehemu hiyo itabaki yako. Ni fupi. Mtu akipiga chafya, imempita.

Naomba sasa urudishe kiti nyumbani. Mlinzi ameanza kukuletea kahawa na geti linabaki bila mtu.

Wako,
M. Kessler


Burbank
22 Septemba 1947

Dada yangu Verdie,

Leo nakusalimu, maana ulivyonyamaza tangu masika ndivyo na mimi nilivyonyamaza, na tumeshaonyeshana vichwa vigumu vya kutosha. Pilipili za jirani nimezizoea. Nyonga iko vile vile. Dwight amekatwa saa za kazi kiwandani, vita vimekwisha, ndege hazitakiwi. Oleta sasa anapaka sungura wa kijivu, karoti anakula.

Katuni imekwisha. Inaitwa "Mbweha Halali Leo". Oleta ameuliza, itafika kwenu Oktoba, wiki ya pili, inatangulia kabla ya picha kubwa, kila jioni saa moja na robo.

Mimi nimo, dada. Mimi ndiye bukini.

Oleta ameinua kalamu ananitazama. Andika, mwanangu. Mimi ndiye bukini.

Sasa sikiliza, na hili ulishike. Kama utakuja, na sikulazimishi, lakini kama utakuja, usiondoke katikati. Kelele zitakuwa nyingi, masufuria, milango, utachoka. Vumilia. Usiondoke mpaka kelele zote ziishe. Hata ukisikia kitu hukukipenda, kaa. Hata ukisema moyoni, huyu si Zella, kaa. Na usipige chafya.

Oleta anasema niseme zaidi. Sisemi zaidi.

Mdogo wako wa ng'ambo,
Zella


Tolbert
16 Oktoba 1947

We Zella,

Usishangae mwandiko. Huyu si Dada Birdwell. Huyu ni Hollis Tackett, muuza barafu, mtu mzima mwenye mke na mapacha, haendi kanisa lolote, na anaandika huku anacheka, kwa hiyo ukiona wino umeruka ndiyo hivyo.

Barua yako ya Septemba Dada Birdwell alinisomea yote, hakuruka, hata salamu zake za ile ya Machi alizikumbuka. Alipomaliza akaikunja. Kisha akaniambia, "Dada Verdie, usiniambie unachowaza, ili nikiulizwa nisiwe na la kusema." Akaenda zake. Hapo ndipo nilipojua nitakwenda.

Lakini kuingia sikuingia. Ghala la barafu la Hollis limepakana ukuta na jumba la sinema, na ukuta wa nyuma wa sinema una mlango wanaouacha wazi kwa ajili ya joto la ile mashine ya picha. Hollis akaniwekea kreti ya kukalia katikati ya ghala na mlango ule, akanifunika gunia mabegani maana barafu yake hainiogopi. Nikamwambia, "Hollis, nikifa hapa utasema nini?" Akasema, "Nitasema umehifadhika vizuri, Bibi Verdie."

Basi ikaanza. Muziki kama mtu ameangusha kabati la vyombo kwenye ngazi. Kisha huyo bukini.

Zella! Huyo ni mwanamume! Tena mwanamume mwenye mafua! Watu ndani wanakufa kwa kicheko, watoto wanapiga miguu chini, na mimi huku nje nimekaa na gunia nimejaa hasira mpaka baridi siisikii. Nikasema, tazama, mwongo tangu ananyonya, amenitoa kitandani, amenihatarishia benchi langu, kuja kusikiliza sauti ya mwanamume. Beseni likalia. Mlango ukalia. Mbweha akapiga ukelele wa mkia kushika moto, huo ukelele naukubali, ulikuwa mzuri. Nikasimama. Hollis akanishika kiwiko. "Bibi, alisema mpaka kelele ziishe." Maana Hollis naye nilimpa anisomee ile barua, sikumwamini Dada Birdwell peke yake.

Nikakaa tena kwa shingo upande.

Kelele zikaisha. Kukawa kimya kabisa humo ndani, hata bisi huisikii. Na kwenye kimya hicho wewe ukaita.

Nakuambia mtu asikudanganye kwamba kusikia si kuona. Nimeuona ukingo wa ng'ambo. Nimeona magoti yako yana matope. Ulikuwa umesimama, hukukaa, na mkono mmoja umeshika ule mti uliopigwa na radi, na maji yalikuwa ya kahawia. Sijaona kitu tangu mwaka juzi, halafu nikaona hayo yote, na ikawa fupi kama ile chafya uliyonikataza.

Na mimi nikaitikia.

Sikukusudia. Sauti haikuniomba ruhusa. Ilitoka tu, kubwa, ile ya zamani, ikapita mlango wa nyuma ikaingia humo ndani. Hollis anasema jumba zima liligeuza shingo. Halafu wakacheka kuliko walivyomcheka mbweha, wakapiga makofi, wakadhani ni mbinu ya mwenye sinema. Yule mwenye sinema akatoka mbio na tochi, akanikuta nimekaa kwenye kreti na gunia langu, akasema, "Bibi, kesho utakuja tena?"

Mji huu mdogo. Jumapili Mchungaji Birdwell akanisimamisha. "Dada Verdie, ni kweli ulikwenda kutazama picha?" Nikamwambia, "Ndugu Birdwell, mimi sijatazama hata kijiko changu cha supu tangu mwaka juzi." Kuna mtu akacheka akageuza kuwa kikohozi, na kikohozi hicho nakijua, hunikoholea jikoni kila siku. Mchungaji akasema sawa, lakini nisimame nitubu kwa kukaa mlangoni pa dhambi. Nikasimama. Nikasema, "Kwa kiburi natubu. Kwa ulimi natubu. Kwa kumsikia mdogo wangu sitatubu, na msinisubirie." Jina langu likasomwa. Sauti yake ilikuwa ndogo akilisoma, maskini, si mtu mbaya.

Basi sasa nakaa benchi la nyuma na mama Cagle. Kumbe ni mcheshi yule mama! Miaka yote hiyo nilikuwa mbele na watu wasiosema neno. Chakula kinatoka kwa mke wa Hollis, anatia pilipili, utadhani ni jirani yako. Na jana jioni mlango wa nyuma ukagongwa, taratibu. Mkate wa mahindi, wa moto, umefungwa kwa kitambaa ninachokijua kwa harufu ya sabuni. Mwenye kuuleta hakuingia. Alisimama hapo akauliza, kidogo kidogo, "Huo mwito wenyewe, Dada Verdie, huwa unaanzia kooni au tumboni?" Nikamfundisha. Hajui kabisa. Anatoa sauti ya bata tu huyo.

Sasa yako. Najua ulinificha, na najua kwa nini, na tukikutana kwa Bwana tutalizungumza mbele ya mama. Umebaki na sehemu hiyo moja tu, si ndiyo? Inatosha. Ndiyo niliyokuwa naitaka. Na lile nililosema Februari, kwamba mimi huita na wewe huitikia tu, silifuti, ndivyo ilivyokuwa. Lakini safari hii umeita wewe. Nimeitikia mimi. Hollis ni shahidi.

Picha inaondoka hapa Jumamosi inakwenda mji wa pili, kisha wa tatu, yote iko kwenye njia ya lori la barafu. Hollis anasema kiti cha mbele kina chuma kilichotokeza. Nimemwambia aweke gunia.

Wewe ita tu. Saa moja na robo, kila jioni. Mimi nitakuwa ukuta wa nyuma.

Mkubwa wako,
Verdie